Koti Likisimama Tena

Juzi juzi nilikwenda sokoni Mbeya kumtafutia mjukuu wangu sweta la shule. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na wauza mitumba walikuwa wakikung'uta maji kwenye maturubai yao. Nikapita penye rundo la makoti mazito ya sufu, yale marefu ya nchi za baridi, yameloa yote. Harufu ikanijia: sufu mbichi, dawa ya nondo, na kwa mbali kitu cha tumbaku. Kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeshatoka njiani, nimesimama kando ya mtaro na kanga nimeivuta usoni. Kijana mwenye makoti akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamjibu siumwi, nimepisha tu. Akaitazama njia juu na chini, hakuona mtu.

Sikumweleza. Angeniona nimechanganyikiwa, na pengine angenipandishia bei ya sweta. Lakini ninyi wa rika langu, ambao siku hizi tunakutana misibani zaidi ya harusini, mtaelewa nikisema nilikuwa namkimbia mkwe wa mama yangu, aliyekufa nikiwa nimeng'oka meno ya mbele na mapya hayajaota.

Nilikulia kwa babu, mzaa baba, kwenye miinuko ya Uporoto, pale barabara inapoacha Mbeya na kuanza kuteremka kwenda Tukuyu. Ni nchi ya ukungu na migomba. Asubuhi za kiangazi majani ya viazi yalikuwa meupe kwa baridi, na tulipiga mbio kwenda zizini kukanyaga mavi ya ng'ombe yaliyo moto ili tupashe nyayo. Babu alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, ya kwanza kwenye mlima wetu. Nyumba ya mama ilikuwa ng'ambo ya uzio wa mianzi, ya miti na udongo, na nyuma yake kahawa yake aliyoipanda kwa mkono wake.

Baba yangu simkumbuki. Alikwenda Iringa kwenye mashamba ya tumbaku ya walowezi, akarudi na mke wa Kihehe, ndiye mama. Wakanizaa mimi, wakamzaa mdogo wangu, kisha baba akarudi tena Iringa kutafuta pesa ya kodi. Safari hiyo ikarudi habari tu, kwamba homa ilimchukua na wenzake wamemzika huko huko. Picha yake haikuwepo. Mara kwa mara nilimuuliza mama baba alikuwaje, naye akijibu, "Alikuwa mrefu." Nikimuuliza uso wake je, ananiambia nikaangalie moto usizimike. Niliwaonea wivu hata watoto ambao baba zao walikuwa walevi, maana wao walijua ni uso gani wa kuuogopa.

Sasa lazima niseme habari ya mama na babu, kwa sababu yote yalitoka hapo. Kwetu mkamwana na mkwe wake wa kiume hawaonani. Si kwamba wamegombana, ndiyo heshima yenyewe. Mama hakuingia nyumba ya babu, hakutamka jina lake, hakula akimsikia. Babu akitoka alitangulia kugonga mawe kwa fimbo yake, ko, ko, ko, na mama popote alipo aliacha njia, akaingia migombani, akainama, kanga usoni, mpaka fimbo ipite. Wanawake wa pale waliozaliwa ndani ya mila hiyo walikuwa na njia zao za kuilegeza, kuchungulia kidogo, kuchelewa kidogo kujificha. Mama hakulegeza. Alikuwa mgeni, na walikuwa wamemcheka alipofika kwa kusimama katikati ya njia na kumwamkia mkwewe "Kamwene" kwa furaha kama alivyofundishwa kwao. Tangu siku ile aliishika mila ya watu kuliko wenyewe.

Mimi nilikuwa daraja lao. Kwa babu nilikuwa mke wake, kama mjukuu yeyote wa kike, na alinitania hivyo mchana kutwa. Akiona njaa alisema, "Mke wangu, mwambie mama yako kwamba mume wako anakufa," kwa sauti ya kufika jikoni. Mama naye alijibu kwa sauti ya kufika kibarazani, "Mwambie babu yako ndizi bado mbichi." Wote wawili waliongea Kiswahili, babu kile alichokiokota vitani na bomani, mama cha mashamba ya tumbaku. Mimi nilisimama katikati ya uzio nikirudia maneno ambayo kila mtu alikwisha kuyasikia, na nilijiona mtu mkubwa.

Lakini mtoto hawezi kuona mtu anakimbiwa kila siku asijiulize kwa nini. Babu alikuwa mpole, hajawahi kunichapa. Kwa hiyo nikaamua kwamba anayekimbiwa si babu bali koti lake. Lilikuwa koti refu la kijeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Wajerumani, alikobebeshwa mizigo hadi mabega yakaota sugu. Lilikuwa la rangi ya majivu, vifungo vya shaba, zito hivi kwamba likianguka sakafuni lilitoa kishindo. Alilivaa kila alipotoka, na mama alimkimbia kila alipotoka, basi hesabu yangu ikakamilika. Ndani ya koti kuna kitu. Alipolivaa sikukubali kupakatwa, nilisubiri mpaka alitundike kwenye kigingi.

Kiangazi kimoja kikohozi kikamshika babu na hakikumwachia. Akalivaa koti, akapanda basi, akashinda bomani siku nzima. Aliporudi alituambia amekwenda kwa Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, na karani wa baraza, ameweka wosia wake kwenye karatasi, akatuonyesha kidole gumba chenye wino kana kwamba ni tuzo. Shangazi, binti yake mkubwa aliyeolewa kilima cha pili, alipopata habari alikuja akilia tangu njiani.

"Baba, umejichimbia kaburi kwa mkono wako," alisema. "Mtu haandiki kifo chake."

"Wazungu wanaandika kila siku," babu akamjibu. "Hawafi kwa kuandika."

"Wanakufa na wao."

Babu akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Tangu hapo watu waliokuja kumjulia hali walikaa mbali kidogo na yeye, wakamtazama kidole. Na mimi nilikitazama. Wino ule haukutoka upesi.

Ilikuwa siku ya ukungu, mchana lakini hakuna jua, aliponiita kibarazani. Alikuwa amelivaa koti na bado anatetemeka. Ng'ambo ya uzio mama alikuwa akitwanga.

"Mke wangu," alisema, na sauti yake iliacha mzaha. "Mwambie mama yako, koti hili likisimama tena, alikimbie kama anavyolikimbia sasa. Asilizoee hata siku moja."

Mchi ukanyamaza. Nilingoja mama ajibu ndizi bado mbichi au jambo lolote la kila siku. Kisha akasema, taratibu, "Mwambie babu yako nimesikia."

Sikurudia maneno ya yeyote. Nilikuwa nimethibitishiwa na babu mwenyewe kwamba koti litasimama.

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Mwinjilisti alimwombea, wazee wakamzika nyuma ya nyumba ya matofali kama alivyotaka, na koti likabaki kwenye kigingi chake, mikono imening'inia. Msiba ulikuwa mkubwa, watu walilala pale siku nyingi, ng'ombe walichinjwa, na katika kelele zote hizo mimi nilikuwa na kazi moja, kulichunga koti kupitia mlango uliokuwa wazi. Upepo ukilitikisa nilikimbilia mgongo wa mama. Aliniuliza nina nini, nikashindwa kusema, kwa sababu yeye ndiye aliyeambiwa akimbie, si mimi, na niliona hata hajafunga vyombo.

Baba Mkubwa alikuja kutoka Mbeya mjini kwa lori. Ndiye kaka mkubwa wa baba yangu, mwenye duka la nguo karibu na soko na mke wake huko, mtu wa viatu vinavyolia na nywele zilizopakwa mafuta. Zamani alikuwa akimtania mama shemeji, shemeji, na mama akicheka naye. Safari hii hakutania. Nyuma ya lori alikuwa na kitanda kipya cha mbao za mninga, kikubwa, kimefungwa magunia. Vijana walikishusha, wakauliza wakiweke wapi. Akawaelekeza kwa kidevu, wakakiegemeza chini ya upenu wa nyumba ya mama, hapo nje mlangoni.

Kitanda kile kilikaa pale msiba mzima. Mvua ilikipiga ubavuni, magunia yakawa meusi, na kila mwanamke aliyeingia kwa mama kumpa pole alikizunguka asikiguse. Nilifurahi. Nilidhani tumenunuliwa kitanda, na nikamuuliza mama tutalala upande upi, mimi na mdogo wangu. Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua, akaendelea kumenya ndizi.

Shangazi ndiye aliyemweleza, jikoni, na mimi nikiwa hapo hapo nachochea moto, maana watu wazima husahau kwamba mtoto ana masikio.

"Wifi, mzee ndiye aliyekuwa anakukinga," alisema. "Kila tukiuliza habari yako alijibu kwamba bado anamlilia mwanawe, na nani angemkatiza baba matanga ya mwanawe? Sasa hayupo. Kaka ndiye mrithi. Matanga yakivunjwa, yeye ndiye mume wako, kitanda umekiona. Ndiyo mila, hata mimi sikuitunga."

"Na nikikataa?"

"Basi la Iringa lipo. Hakuna atakayekupiga, hakuna atakayekutukana. Utapanda na kanga zako." Shangazi akanitazama mimi, akaangalia na mdogo wangu aliyelala kwenye ngozi. "Lakini hawa ng'ombe wao walilipwa. Hawa wana ukoo wao."

"Wifi, nimesikia," mama alisema.

Usiku huo sikuelewa yote, lakini nililielewa basi. Nilikuwa nimeliona likipita na watu wakipungiwa, na waliopungiwa wengi hawakurudi, akiwemo baba. Jioni iliyofuata nilimkuta mama amefunga nguo zake kwenye kaniki, fundo limekazwa. Asubuhi fundo limefunguliwa na nguo zimerudi kambani. Jioni likafungwa tena. Nilianza kulala nimeshika pindo la nguo yake, nikijiambia kwamba akiondoka nitaamka, na kwa kuogopa kutoamka sikulala.

Siku ya kuvunja matanga karani wa baraza alikuja kwa baiskeli, kaptula yake imepigwa pasi, bahasha ndani ya mfuko wa ngozi. Watu walikaa uani, wanaume mbele, wanawake nyuma, mama karibu na uzio na sisi miguuni pake. Karani alisafisha miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo. Babu alikuwa amesema hivi. Mwanangu wa kwanza alivae koti langu, aketi kwenye kiti changu, aitwe kwa jina langu mbele ya watu wote, kabla hajagawiwa mtu hata kuku. Ng'ombe na nyumba ya matofali ni vyake. Mke wa marehemu mwanangu abaki kwenye nyumba yake, na migomba yake, na kahawa yake, na watoto wake wawe mikononi mwake.

Uani pakawa na manung'uniko. Baba Mkubwa akasimama. Hakupandisha sauti, alikuwa mtu wa duka, anajua kumwambia mteja hapana kwa adabu.

"Baba yangu alikuwa na heshima zake," alisema, "lakini karatasi ya boma haioi wala haiozeshi. Tangu lini Bwana Shauri akagawa wajane wa mlima huu? Mkisema leo karatasi imrithi mwanamke, kesho itawarithi mabinti zenu. Lile la kwanza ni mila yetu, naliheshimu. Hili la pili ni la karani."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Hata waliompenda babu walikubali. Karani alikunja karatasi yake akasema yeye kazi yake ni kusoma. Nilimwangalia mama. Alikuwa amekaza macho kwenye mlango wa nyumba ya matofali, na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mdogo wangu, unambonyeza kidogo kidogo.

Wazee wakaingia ndani na Baba Mkubwa. Nilijua wanakwenda kufanya nini na nikashika pindo la nguo ya mama. Wakamvua shati la mjini, wakamnawisha. Akatoka.

Koti lilikuwa limesimama. Lilikuwa limesimama mlangoni kwa urefu wake ule ule, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na ndani yake kulikuwa na kichwa cha mtu mwingine. Wakampa fimbo ya babu, wakamkalisha kwenye kiti cha babu, mzee mmoja akalitamka jina la babu kwa sauti, na watu wote wakaitikia, wakamwamkia kwa jina hilo, mmoja baada ya mwingine. Wadogo zake wakamwita baba. Sisi watoto tukasukumwa mbele tumwite Babu. Nilimwita, macho yangu kwenye vifungo. Naye alikuwa akitabasamu, maana alikuwa amelingojea koti lile tangu ujana wake.

Kisha akainuka, akaja upande wa wanawake, akaja moja kwa moja mpaka alipokaa mama, na watu wakapisha kwa sababu wote walijua kinachofuata. Akanyoosha mkono.

Mama akakimbia.

Hakukimbia kama mtu anayetoroka. Aliacha njia, akaingia migombani hatua chache, akapiga magoti, akaivuta kanga usoni na kuinamisha kichwa mpaka kikagusa majani. Ni vile vile alivyofanya kila siku ya maisha yake pale. Mimi nilimfuata nikapiga magoti nyuma yake, nikijua kwamba sasa tumekwisha.

Mtoto mmoja alicheka, akazibwa mdomo. Baba Mkubwa alibaki mkono umenyooka. Akamwita mama kwa jina, na wanawake wote wakashtuka, maana mkwe hamwiti mkamwana kwa jina mbele za watu. Mama hakuinua kichwa. Nilihisi mwili wake ukitetemeka, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa, tena pengine kuliko mimi.

Mzee yule aliyelitamka jina akajikohoza. "Amemkimbia mkwewe," alisema. "Sasa mlitaka afanyeje?"

"Mimi ni shemeji yake," Baba Mkubwa alisema.

"Asubuhi ulikuwa shemeji yake. Tumekuita nani sasa hivi? Nimekuita mimi, na umeitika."

Baba Mkubwa akashika kifungo cha juu cha koti. Watu wote wakautazama mkono ule. Kulivua lilikuwa jambo la dakika moja, lakini mrithi aliyelivua amevua na ng'ombe, na nyumba, na jina, na mdogo wake wa mama mwingine alikuwa amekaa pale pale mstari wa pili, shingo ameinyoosha. Mkono ukatoka kwenye kifungo.

Mngedhani yaliishia hapo. Hayakuishia. Baba Mkubwa hakurudi mjini, alibaki nyumba ya matofali, na kitanda kikabaki penye upenu wetu. Siku zile ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Alikuwa akija bila kugonga fimbo. Tulikuwa tunageuka tu na koti liko mlangoni, linatutazama, na mama anajirusha ukutani, kanga usoni, akisubiri. Alimsemesha. Alimsemesha kwa upole, akamwambia atamjengea nyumba ya bati, akamwambia mchezo huu una mwisho, akamwambia basi hupita kila siku. Mama hakumjibu neno. Akiondoka, mama alikaa muda mrefu bado ameuelekea ukuta. Wakati mmoja alimfikia karibu sana, akashika ncha ya kanga, na mimi nikasimama katikati yao bila kuambiwa na mtu, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa mahali pangu siku zote. Harufu ya koti ilinijaa puani. Akaiachia kanga.

Majirani waliona. Kwetu watu wakiona jambo baya hawaji kugomba, hunung'unika majumbani mwao, na inaaminika kwamba manung'uniko hayo yakizidi huwa pumzi ya baridi, humfuata aliyekosa na kumwingia kifuani. Sijui mnaamini nini ninyi. Ninachojua ni kwamba mvua zilipokolea Baba Mkubwa alianza kukohoa, na kilikuwa kikohozi cha babu, kile kile, cha kushika ukuta. Wanawake kisimani waliposikia walitazamana. Mimi nilikuwa na maelezo yangu: koti linammaliza kutoka ndani, na likimmaliza litakuja kwetu bila mtu.

Basi siku moja, ukungu umeshuka mpaka huwezi kuona kitanda pale upenuni, nilisikia ko, ko, ko. Fimbo juu ya mawe. Mama akaacha kupepeta. Nywele zilinisimama, kwa kuwa mwenye kugonga vile nilimwona akifukiwa. Mlio ukaja mpaka uzio wa mianzi, ukakoma upande wa pili, na kikohozi kikafuata. Kisha sauti, imechoka.

"Mtoto. Uko hapo?"

"Niko, Babu."

Akakohoa tena. "Mwambie mama yako... mwambie mama yako kwamba kuna baridi. Kama kuna uji wa moto."

Mama alikuwa ameshika ungo kifuani. Machozi yalimtoka bila sauti, ya kwanza niliyoyaona tangu msiba uanze. Alijipangusa, akasafisha koo, akajibu kwa sauti ya kufika ng'ambo.

"Mwambie babu yako uji upo. Mtoto atauleta."

Nikaupeleka. Nilimkabidhi bakuli juu ya uzio nikiwa nimefumba macho.

Hivyo ndivyo mama alivyobaki. Hakuna karatasi iliyomsaidia, ingawa nimekuja kuamini kwamba babu alijua hivyo alipoiandikisha, na alilitilia shaka lile la pili ndiyo maana akalitanguliza la koti. Kitanda hakikuingia ndani kamwe. Kuku walikitagia, mchwa wakala mguu mmoja, na mwishowe mdogo wangu akakitengeneza akalalia yeye alipokuwa kijana. Baba Mkubwa alipona kifua, akalima, akazeeka. Hakuwa mtu mbaya katika uzee wake. Alinilipia ada, alinipakatia wanangu. Na miaka yote hiyo aligonga fimbo, na mama akaacha njia, hata alipokuwa na goti bovu na kuinama kukawa kazi. Maneno yao yote yalipita kwangu, na nilipoolewa yakapita kwa wajukuu.

Baba Mkubwa alikufa mvua za kwanza zilipoanza, kama aliyemtangulia. Mama alikuwa kikongwe. Wakati maiti imelazwa chumbani, kabla ya kuletwa sanduku, aliniambia nimshike mkono, akaingia nyumba ya matofali kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Wanawake waliokuwa ndani wakashtuka, wakatazamana, lakini nani angemzuia? Akaishusha kanga mabegani. Akamtazama usoni. Alimtazama muda mrefu mpaka nikadhani amepotewa na fahamu.

"Nilikuwa nimesahau," alisema. "Yeye na baba yenu walifanana. Uso ni huo huo. Hata hapa penye kidevu."

Hakuniangalia. Alikwenda mwenyewe kwenye kigingi, akalishusha koti, akayumba kwa uzito wake, nikamsaidia. Tukamfunika nalo kuanzia miguuni. "Azikwe nalo," aliwaambia wale wanawake. "Lisisimame tena." Akalivuta mpaka kifuani, akalivuta mpaka shingoni, na vidole vyake vikashika ukosi ili alipandishe usoni.

"Mama, ngoja kidogo," nikasema, nikainama nikamtazama baba yangu.